UZI: Misafara ya mizigo na ya jeshi inaviziwaje na inalindwaje? Tuongee sisi wa njia ya Garsen–Lamu

Mwendalori_Witu

Assalam aleikum ndugu zangu wa Lamu, Malindi, Tana na nyinyi mlio mbali mnaosoma kimya kimya. Uzi huu ni mrefu nitaushusha kwa vipande, maswali ruksa, ila siasa za nani alimtuma nani tuziache sina haja nazo.

Kila gari likipigwa upande wa Milihoi ama Nyongoro watu husema kitu kimoja tu, serikali inunue deraya zaidi, yaani magari ya chuma, iweke bunduki kubwa zaidi. Mimi nabeba simiti na unga kutoka Malindi mpaka Mokowe kwa hivyo habari ya kuviziwa barabarani nimeisoma sana, ya huku kwetu na ya vita vya nchi za watu, manake inanihusu mimi na tingo wangu na wale askari vijana wanaotusindikiza. Na kila nikisoma narudi pale pale, msafara unapigwa kwa sababu umejulikana. Adui anajua saa utakayopita, anajua kona utakayopunguza mwendo, na pale alipojificha hakuna mtu anayeishi karibu wa kukwambia kuna wageni wameingia jana. Deraya inakuja baada ya hayo.

Tuanze nyumbani. Kuna wanaodhani bomu la kutegwa njiani lilikuja Kenya na Al-Shabaab. Vita vya kwanza vya dunia, Wajerumani wa kamanda Lettow-Vorbeck waliishika Taveta Agosti 1914 na wakakaa pale mpaka Machi 1916, na kutoka huko walikuwa wanatuma vikundi vidogo vidogo vya watu wachache wanavuka nyika ya Tsavo isiyo na maji kuja kutega baruti kwenye reli ya Mombasa. Reli ndiyo iliyokuwa inabeba chakula, risasi, askari, kila kitu. Waingereza wakafanya nini? Wakafunga mabehewa ya mchanga mbele ya injini ili baruti ilipukie mchanga, wakaweka doria za miguu kando ya reli. Ikasaidia lakini haikumaliza, reli ni ndefu mno huwezi kuweka mtu kila hatua. Kilichomaliza ni pale Taveta ilipochukuliwa 1916, wale wa baruti wakakosa pahali pa kutokea. Weka hiyo akilini, tutairudia tukifika msitu wa Boni.

Halafu vita vya shifta, wapiganaji waliotaka kaskazini mashariki ijiunge na Somalia, 1963 mpaka 1967. Mwisho mwisho wa vita vile mabomu ya ardhini yakaanza kutegwa, na huko kaskazini magari yakawa hayaendi mpaka yaende kwa msafara na askari. Huku kwetu vijiji vya Wabajuni vya bara vikahamwa, watu wakakimbilia Lamu mjini, Malindi, Mombasa. Ukipita leo unaona magofu na minazi tu. Njia ikabaki haina mwenyewe.

Binti_Ndau

Umesema kweli kaka. Bibi yangu mzaa mama ni mtu wa Rubu, walitoka usiku na dau wakaacha kila kitu, mpaka yeo wajukuu zake hawajarudi. Wachu wengi hawaijui habari hii, wadhani ile ndiya ya Kiunga siku zote ilikuwa pori. Ilikuwa na vijiji, visima, mashamba. Askari angepita angeulizwa maji angepewa, angeambiwa mbele kukoje.

Mwendalori_Witu

Dada Binti_Ndau Mungu akubariki, hapo umenisemea.

Sasa mfano mkubwa kabisa, na huu nitakaa nao kidogo kwa sababu una kila kitu ndani yake. Vietnam kuna barabara namba 19, inatoka bandari ya Qui Nhon inapanda milima kupitia An Khe mpaka Pleiku. Juni 1954 Wafaransa walikuwa na kikosi kinaitwa Groupe Mobile 100, kikosi kizito, malori, mizinga, watu waliopigana Korea. Wakaamriwa waiache An Khe warudi Pleiku kwa barabara hiyo hiyo, njia moja tu ya kupita, majani marefu kila upande. Wakasubiriwa. Kikosi kizima kikavunjwa ndani ya siku chache.

Miaka 13 baadaye Wamarekani wako barabara ile ile. Malori yanapanda asubuhi na mizigo yanashuka jioni matupu, kila siku, mtu wa kijijini hakuhitaji saa kujua ni saa ngapi. Tarehe 2 Septemba 1967 jioni wanashuka kurudi Qui Nhon, gari la mbele likapigwa, tangi la mafuta likashika moto likaziba njia, nyuma yake msururu umesimama hauna pa kwenda. Madereva 7 waliuawa na malori mengi yakaungua ndani ya dakika chache tu. Msafara ulikuwa na malori kama 37 na ulinzi wake ulikuwa vigari vidogo vyenye bunduki moja moja.

Hapo ndipo madereva wenyewe, sio majenerali, wakaanza kugeuza malori yao. Walichukua lori la kawaida wakalipanga magunia ya mchanga pembeni wakaweka bunduki za rashasha juu. Mvua ikinyesha yale magunia yananyonya maji lori linakuwa zito halipandi mlima, basi wakatoa magunia wakachomelea mabati ya chuma, wakahamia malori makubwa zaidi ya tani 5. Wakapanga lori moja la bunduki kwa kila malori kama kumi, na msafara usizidi malori mia. Moja ya malori yale, waliloliita Eve of Destruction, liko makumbusho ya jeshi la Marekani kule Virginia mpaka leo.

Lakini watu wakisimulia wanaishia kwenye malori ya bunduki kwa sababu yanapendeza kwa picha. Kilichofanyika pembeni hakisemwi sana. Walifyeka msitu pande zote mbili za barabara kwa matrekta, wakaweka kambi ndogo kwenye madaraja na makona mabaya, wakawa wanakagua barabara kila asubuhi kabla lori la kwanza halijaondoka. Hata hivyo mashambulizi hayakuisha, yaliendelea mpaka wakaondoka. Yalipungua makali tu, kwa sababu kuvizia sasa kulikuwa na gharama kwa mwenye kuvizia.

Mstaafu_Kipini

Kijana wangu uzi mzuri, lakini mimi nimevaa magwanda miaka mingi na wacha nikupinge kidogo. Unaiweka deraya mwisho kama kitu cha ziada. Mimi nimeona gari la wazi likikanyaga kitu na nimeona gari lenye tumbo la V likikanyaga kitu, na waliotoka ndani ya lile la pili nimekunywa nao chai. Usiwaambie vijana deraya si muhimu.

Mwendalori_Witu

Mzee wangu shikamoo, na nakushukuru. Nakubaliana nawe kwa hilo la tumbo la V mia kwa mia, na wacha niwaeleze wasiojua.

Gari la kawaida chini ni bapa. Bomu likilipuka chini yake nguvu yote inagonga sakafu na sakafu inaingia kwa miguu ya watu. Rhodesia na Afrika Kusini miaka ya 70 walikuwa wanapoteza watu wengi kwa mabomu ya barabara za vumbi, wakaja na wazo la kuinua gari juu na kuikata sakafu yake kama herufi V, mlipuko ukija unagawanyika unapita pembeni. Magurudumu yataruka, ekseli itaruka, lakini chumba cha watu kinabaki. Ndio ikazaliwa Casspir ambayo hata Waganda na Warundi walikuwa nayo Somalia. Wamarekani walichelewa sana, waliingia Iraq 2003 na Humvee, magari ya jeshi lao, zisizo na chuma na vijana wakawa wanaokota mabati kwa majalala wanachomelea wenyewe, vile vile kama baba zao Vietnam, mpaka 2007 ndipo wakaanza kununua magari ya V kwa maelfu. Kenya nayo imenunua, Puma M26 kutoka Afrika Kusini, na mkataba wa magari 118 ya Hizir na kampuni ya Uturuki.

Kwa hivyo mzee, kijana anayepelekwa kwenye barabara ya vumbi kule Basuba ama Kiunga akiwa nyuma ya Land Cruiser ya wazi, hilo linaniuma sana na sioni kwa nini liendelee. Agosti 2018 gari la KDF, jeshi letu la Kenya, lilikanyaga bomu upande wa Kiunga wakafa wanajeshi watano. Watano, kila mmoja ana mama.

Ninachosema ni hiki, deraya inamwokoa mtu baada ya mpango kushindwa. Na adui akiona deraya haachi, anaongeza uzito wa bomu. Iraq wategaji walipata mabomu yanayotoboa chuma kile cha Humvee kama hakipo. Mbio hizo hazina mwisho, na sisi wa malori ya simiti hatumo hata kwenye mbio zenyewe, nani atanipa mimi gari la V?

Mstaafu_Kipini

Hapo sawa. Marahaba. Endelea, ila zungumzia na wasindikizaji wakae wapi, hilo linakosewa sana.

Mwendalori_Witu

Ndio nilikuwa nakuja hapo mzee.

Tarehe 20 Machi 2005 karibu na Salman Pak kusini mwa Baghdad, msafara wa malori kama 30 mengi ya madereva raia ulivamiwa. Wasindikizaji waliokuwa karibu ni polisi wa jeshi watu 10 na Humvee tatu tu, na hawakuwa wamejipachika katikati ya malori, walikuwa wanafuata kwa nyuma kwa umbali. Malori yaliposimama kwenye risasi wao walikuwa nje ya ule mtego, wakapita pembeni wakaingia barabara ya ubavuni upande ambao washambuliaji walikuwa wameegesha magari yao ya kukimbilia, wakawapiga kwa ubavu ndani ya mitaro. Leigh Ann Hester, sajenti mwanamke, alipata nishani ya Silver Star kwa siku ile, mwanamke wa kwanza tangu vita vya pili vya dunia. Watu 10 waliokoa msafara kwa sababu ya mahali walipokuwa. Sasa msindikizaji akijibana katikati ya mabasi mawili, kukinuka ni abiria mwenye bunduki tu yule, maskini.

Na mfano wa upande wa pili, Machi 23 mwaka 2003, kikosi cha mafundi cha 507 kule Iraq. Hawa hawakuwa wapiganaji, ni mafundi wa magari na wapishi na makarani. Wameendesha siku tatu karibu bila kulala, malori yanakwama kwa mchanga, wakaachwa nyuma na msafara mkubwa, wakakosa kona wakaingia mji wa Nasiriyah, wakageuza wakarudia mji ule ule mara ya pili. Bunduki zina mchanga hazifyatuki. Watu 11 walikufa, wengine wakatekwa. Usingizi, ramani, redio na kusafisha silaha, hayo ndiyo yaliyowaua kabla ya risasi. Hakuna anayependa kuzungumzia usingizi wa dereva lakini mimi naendesha na nawaambia usiku wa kutolala ni hatari kuliko kona ya Milihoi.

tingo_wa_Gamba

Sasa njoo kwetu bro. Sisi tunasubiri eskoti tunapangwa foleni pale, mabasi, malori ya miraa, magari madogo, mama wa chai anajua tutatoka saa ngapi, mtoto wa shule anajua. Na gari bovu likiharibika katikati wote tunasimama porini. Hii si ndio Vietnam yenyewe unayosema

Mwendalori_Witu

Ndio yenyewe kaka, na ndio sababu ya kuandika uzi huu.

Wacha niseme kwanza lililofanyika vizuri. Kabla ya lami, Garsen mpaka Lamu ilikuwa ni vumbi kiangazi na tope masika, lori linatambaa kwa gia ya kwanza, na kwenye vumbi mtu anachimba bomu kwa jembe dakika kumi upepo unafuta alama. Lami ile ya kilomita kama 135 ilipokamilika ilibadilisha mambo kuliko kikosi chochote kilicholetwa. Lami haichimbwi bila kuonekana, na gari linakwenda mbio halipigwi kirahisi. Kilichobaki ni makalvati, yale mabomba ya maji chini ya barabara, mabega ya barabara, na vichaka vinavyokaribia lami mpaka tawi linagusa kioo. Ufyekaji unafanywa mara moja picha zinapigwa, mvua mbili zikinyesha kichaka kimerudi. Kufyeka ni kazi ya kila msimu, tena ni kazi ya vijana wa hapa hapa, walipwe, watajua kila shina na siku moja wataona shina moja limehamishwa.

La pili ni saa. Eskoti ya saa ile ile kila siku ni ratiba ya adui. Najua wenye mabasi watalia, abiria atalia, lakini badilisheni, leo mapema kesho mchana, siku nyingine mafungu mawili madogo badala ya mkia mrefu, na atakayepangwa aambiwe nusu saa kabla. Na gari likaguliwe kabla halijaingia foleni, tairi, maji, mafuta, gari bovu libaki. Mimi nimekaa nyuma ya basi lililokufa breki katikati ya pori, abiria wanashuka kukojoa na watoto, na askari wanne wanazunguka kwa woga, na nikawa najiuliza hawa wanne tukivamiwa watafanya nini jamani.

Julai 2017 pale Milihoi alivamiwa Katibu wa Wizara, Mariam El Maawy, binti wa huku huku. Aliokolewa siku ile ile na majeraha, akafariki Septemba akiwa matibabuni Afrika Kusini. Alikuwa na walinzi. Januari 2, 2020 basi likapigwa Nyongoro, wakafa watu. Ukitazama ramani utaona majina yanajirudia, Milihoi, Nyongoro, Milihoi. Mahali pamoja kwa miaka. Sasa mahali panapojirudia hivyo panatakiwa pawe na watu wanaoishi, kituo, soko la maembe, msikiti, chochote, pasiwe pori linalopitwa mbio.

Binti_Ndau

Na Waboni je? Hao ndio wenye msitu, wajua kila mti wa asali. Lakini operesheni ilipokuja waliambiwa watoke msituni, shule za Basuba, Mangai na Milimani zikafungwa miaka. Mchu ukimfukuza kwake utamuuliza vipi njia?

Mwendalori_Witu

Dada umepiga penyewe. Linda Boni, operesheni ya kuwasaka Al-Shabaab msituni, ilipoanza Septemba 2015 tuliambiwa siku 90. Miaka ikapita. Na kumbuka Taveta, kulinda njia hakutoshi mpaka wategaji wakose pahali pa kutokea, na pahali penyewe huku ni msitu huu. Waaweer, hao Waboni wenyewe, ni wawindaji na warina asali, mguu wa mgeni wanaujua kwenye mchanga wakati wewe na mimi hatuoni hata kama kuna mguu. Ingekuwa mimi ndio mwenye kupanga, kabla ya gari jipya la mabilioni ningefungua shule moja, zahanati moja, na ningehakikisha Mboni akienda kituoni kusema ameona watu watano wenye mizigo anaketi kwa kiti, anapewa maji, na jina lake halisikiki sokoni jioni. Huku kwetu kuna watu walitoa habari wakaishia kuhojiwa wao kama ndio wahalifu. Mmoja namjua. Hasemi tena kitu, na simlaumu.

Kuna njia ya mkato ambayo nayo ilijaribiwa, ya kununua usalama kwa hela. Afghanistan Wamarekani walitoa kandarasi ya malori ya dola bilioni 2.16, wenye malori wakawa wanalipa wababe wa vita barabarani wapite salama, na uchunguzi wa Bunge la Marekani wa 2010 ulionyesha hela ile ilikuwa inalisha wababe wale na pengine Taliban wenyewe. Yaani mlipaji anamlipa anayempiga. Ndio maana mimi naposema watu wa kando ya njia simaanishi kumpa mtu bahasha, namaanisha mtu awe na sababu yake mwenyewe ya kutaka barabara ipite salama, mtoto wake anakwenda shule kwa barabara hiyo, asali yake inakwenda Mokowe kwa barabara hiyo.

nyikani_tu

Swali. Sasa hivi Ukraine kila kitu ni droni, haya ya vichaka na kalvati si yamepitwa na wakati?

Mwendalori_Witu

Kule wamefika mahali pa kufunika barabara nzima za mizigo kwa nyavu, kilomita kwa kilomita, nyingine zikiwa nyavu za wavuvi zilizotumika, droni inanasa kabla haijafika kwa lori. Na malori makubwa yanaachwa mbali, mzigo unagawanywa kwa magari madogo ya haraka. Lakini angalia, bado ni yale yale, anayejulikana njia na saa yake ndiye anayepigwa. Huku kwetu tunaotegwa bado tunategwa kwa jembe.

Binti_Ndau

Mimi naongeza bahari. Mizigo ya Kiunga, Ndau, Mkokoni mingi tunapeleka kwa boti kupitia mlango wa bahari wa Mkanda. Mawimbi ya kusi ni taabu, mafuta ni ghali, lakini hakuna bomu la kuchimbwa baharini. Hata jeshi chakula chake chaweza kwenda kwa maji miezi ya kaskazi, kila lori lisilopita ndiya ni lori lisilopigwa.

Mstaafu_Kipini

Binti huyo ana akili ya kijeshi kuliko wakubwa zangu wa zamani.

tingo_wa_Gamba

Mwendalori sasa dereva wa kawaida kama boss wangu afanye nini, hana bunduki hana redio

Mwendalori_Witu

Mwambie aache nafasi na gari la mbele, asibanane, ukibanana na basi likapigwa huna pa kugeuzia. Risasi zikianza na mbele ni wazi apite asisimame hata tairi limetoboka, rimu inatembea. Mbele kumezibwa, arudi nyuma mapema kabla wa nyuma hajamziba. Asishuke kuondoa gogo ama jiwe barabarani, akiliona kwa mbali asimame mbali apige simu. Akiona barabara iliyo na watu kila siku leo haina mtu, hakuna mbuzi, hakuna mama wa mkaa, arudi. Tangi la mafuta lisikae mbele ya msafara wala katikati ya mabasi, na mkaa wa juu ya lori wenye watu wamekaa juu yake, wacheni jamani. Alale kabla ya safari. Namba za vituo vya Witu na Mokowe ziandikwe kwa karatasi zibandikwe kwa dashibodi, simu huzima chaji. Na wewe tingo macho yako yawe kando ya barabara, yasiwe kwa simu, wewe ndiye unayekaa upande wa kichaka.

Mwenye kupita wiki hii aseme kama vichaka vya kutoka Nyongoro mpaka daraja la pili vimefyekwa, nilipopita juzi vilikuwa vimeinamia lami na nataka nipeleke hilo kwenye kikao cha wenye malori Ijumaa.